Kurudia Mtihani na Kurudia Kujifunza

Mwaka mmoja kamati ya kupokea maombi ya chuo chetu ilibakiwa na nafasi moja tu ya mafunzo ya ualimu, na juu ya meza maombi mawili. Waombaji wote wawili walikuwa na Daraja la III la Kidato cha Nne, tena kwa pointi zilezile 25. Tofauti yao ilikuwa herufi moja. Namba ya mtihani ya mmoja ilianza kwa S, maana yake alifanya mtihani akiwa mwanafunzi wa shule. Namba ya mwenziwe ilianza kwa P, maana yake alikuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Huyu wa pili alikuwa binti aliyepata pointi 27 mara ya kwanza, akakaa nyumbani miaka mitatu, kisha akaurudia mtihani wote.

Mjumbe mmoja akasema, "Ndugu wajumbe, huyu wa P amebahatisha. Mtu aliyeshindwa mtihani atawafundishaje watoto wa watu kushinda?" Hakuna aliyemjibu, nasi tuliokuwamo katika kamati ile hatukumjibu. Nafasi akapewa mwenye S.

Tangu siku ile swali lile limetusumbua, kwa kuwa tunaamini kwamba kimya chetu kilikuwa kosa. Kurudia mtihani, au "kurisiti" kama vijana wanavyosema mitaani, ni jambo la kila mwaka nchini Tanzania, na maelfu ya vijana huweka humo tumaini la kuingia chuoni. Walakini sisi wakufunzi, ambao kazi yetu ni kufikiri juu ya kufundisha na kupima, hatulizungumzi ila kwa mzaha au kwa dharau. Makala haya yana nia ya kulizungumza kwa uzito unaostahili.

Mstari wa pointi moja

Tuanze na hesabu, maana wengi hulaumu bila kuhesabu. Katika mtihani wa Kidato cha Nne masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi ndiyo yanayotumika kupanga daraja lake. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo ufaulu unavyokuwa mkubwa. Pointi 22 hadi 25 ni Daraja la III. Pointi 26 hadi 33 ni Daraja la IV.

Zamani si nyingi Daraja la IV lilitosha kumwingiza kijana katika mafunzo ya ualimu wa shule za msingi. Baadaye matangazo ya kujiunga na mafunzo hayo yakaanza kudai Daraja la I hadi la III. Hatuna ugomvi na uamuzi huo, kwani taifa lina haki ya kudai walimu wenye elimu bora. Lakini tazama mstari wenyewe ulivyo. Kijana aliyepata C katika masomo mawili na D katika masomo matano ana pointi 26, naye hana sifa. Mwenzake aliyepata C tatu na D nne ana pointi 25, naye anazo sifa zote. Kinachowatenga ni somo moja. Na katika somo hilo D huishia alama 44 na C huanzia alama 45. Basi yawezekana kabisa kwamba alama moja katika mia, katika somo moja kati ya saba, ndiyo iliyomfanya mmoja awe mwanachuo na mwingine awe muuza maandazi.

Mstari lazima uchorwe mahali fulani, hilo twalikubali. Lakini mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha 90 kwa usiku mmoja anajua kwamba alama 44 na alama 45 si watu wawili tofauti. Mtihani ni kama kijiko cha mchuzi kinachoonjwa kutoka chungu kizima. Maswali kumi au kumi na matano huchaguliwa kutoka muhtasari wa somo wa miaka minne. Mtahiniwa huweza kukutana na mada alizozielewa au na zile alizozikosa alipokuwa mgonjwa. Kuna siku ya njaa, siku ya msiba, na siku ya kutosoma swali hadi mwisho. Wataalamu wa upimaji wanatufundisha kwamba kila alama hubeba ndani yake kiasi fulani cha makosa ya kipimo. Kwa yule aliye mbali na mstari makosa hayo hayana uzito. Kwa yule aliye juu ya mstari wenyewe, ndiyo yanayomhukumu.

Historia yetu wenyewe inao ushahidi wa jambo hili. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi nzima ilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, na Mei 2013 Serikali ikaamua matokeo yale yafutwe na alama zipangwe upya. Karatasi hazikuandikwa upya. Majibu yalikuwa yaleyale, kwa mwandiko uleule. Walakini maelfu ya vijana waliokuwa wamefeli wakawa wamefaulu. Hatusemi haya ili kumlaumu yeyote. Twasema ili tukumbuke kwamba daraja analobeba kijana ni matokeo ya vitu viwili: alichokijua yeye, na namna sisi watu wazima tulivyoamua kukipima.

Ikiwa ndivyo, nafasi ya pili ya kupimwa ni haki, wala si upendeleo. Na anayeitumia nafasi hiyo akavuka mstari amevuka kama walivyovuka wengine.

Mfano wa ng'ambo

Wapo watakaodai kwamba kurudia mtihani hakubadilishi kitu, kwamba asiyeweza leo hataweza kesho. Katika hili tuna bahati, kwa sababu Marekani jambo hili limechunguzwa kwa makini. Vijana wa huko wanaotaka kuingia chuo kikuu hufanya mtihani uitwao SAT, ulioanza mwaka 1926, na wanaruhusiwa kuurudia. Vyuo vingi huchukua alama ya juu kabisa ya kila sehemu ya mtihani, hata kama zilipatikana siku tofauti.

Mwaka 2020 watafiti watatu, Joshua Goodman, Oded Gurantz na Jonathan Smith, walitoa uchunguzi wao juu ya warudiaji hao. Walitumia tabia moja ya kibinadamu inayochekesha kidogo: kijana ambaye alama zake zimekaribia mia kamili bila kuifikia huwa na hamu zaidi ya kurudia kuliko yule aliyeigusa mia hiyo. Kwa elimu vijana hao wawili ni sawasawa; basi tofauti inayojitokeza baadaye yaweza kuhesabiwa kuwa imeletwa na kule kurudia. Waliyoyaona ni kwamba kurudia kulipandisha alama, na kuliongeza kwa kiasi kikubwa uwezekano wa kuingia chuo cha miaka minne, hasa kwa vijana wa familia maskini. Lakini waliona pia kwamba ni karibu nusu tu ya vijana wanaorudia, na kwamba maskini hurudia kwa uchache kuliko matajiri. Dawa ilikuwapo, nayo iliwafaa zaidi wale waliokuwa hawainywi.

Ni hatari kuuchukua mfano huu na kuupandikiza kwetu bila kufikiri. Kijana wa kule hurudia baada ya miezi michache, akiwa bado shuleni, akiwa na walimu wake na vitabu vyake. Akiwa maskini anaweza kusamehewa ada ya mtihani hata mara mbili. Wetu hali yake ni nyingine.

Hali ya mrudiaji wetu

Mtihani wetu hufanyika mara moja kwa mwaka, mwezi wa Novemba. Matokeo hutoka Januari. Tangu siku hiyo mrudiaji si mwanafunzi wa mtu yeyote. Shule imekwisha mfunga daftari lake. Sare ameivua, na pamoja na sare ameondolewa maktaba, maabara, ratiba na kengele. Nyumbani hupewa kazi za mtu mzima: kulima, kuuza genge, kulea wadogo. Wengi miongoni mwa mabinti wana watoto wao wenyewe. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2021 waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurejea shuleni, lakini waliotangulia mwaka huo walikuwa wamekwisha shika njia ya P.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikemea mtindo wa kumpima kijana kwa karatasi ya siku moja, na kutokana na azimio hilo kazi za darasani za mwanafunzi zikaanza kuhesabiwa katika matokeo yake ya mwisho. Busara hiyo inamfaidi mwanafunzi wa shule hadi leo. Mtahiniwa wa kujitegemea hana mahali pa kukusanyia alama hizo. Karatasi za Novemba ndizo peke yake zinazomsemea. Si ajabu basi kwamba kila mwaka ufaulu wa watahiniwa wa kujitegemea huwa chini ya ule wa watahiniwa wa shule. Wanapanda mlima uleule, lakini bila fimbo.

Vipo vituo vya kuwasaidia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, inaendesha masomo kwa wale walio nje ya mfumo wa shule, na mijini pamejaa vituo vya watu binafsi. Tumevitembelea baadhi yake. Vipo vinavyofundisha. Lakini katika vingi tulivyoviona, kufundisha maana yake ni kusomewa maswali ya miaka iliyopita na majibu yake, ubao hadi ubao, mbele ya vijana themanini katika chumba kimoja. Kijana hulipa ada, hunakili, na Novemba huenda kuupambanua uso wa swali kama mtu anayemtafuta ndugu yake kituoni. Swali likibadili nguo kidogo, hamtambui tena.

Tuliyoyapata sisi wenyewe

Hatuoni haya kusema kwamba sisi tunaoandika haya tulirudia Hisabati, somo ambalo kwa miaka mingi limewaangusha watahiniwa wengi kuliko wanaolifaulu. Tulilirudia mara mbili. Mara ya kwanza tulisoma kwa bidii kubwa mno: taa ya chemli, daftari lilelile la shule, mifano ileile. Tukapata F kama mwanzo. Bidii ilikuwa imeongezeka, ujinga ukabaki palepale.

Mara ya pili tulimwendea mwalimu mstaafu aliyekuwa jirani yetu. Hakutufundisha kitu siku ile. Alitutaka tumpe daftari, akaanza kusoma makosa yetu, ukurasa kwa ukurasa, kimya, kama mtu anayesoma barua. Kisha akaandika: 5 − (x − 2). Akasema, "Fungua mabano, mwanangu." Tukaandika 5 − x − 2, tukapata 3 − x. Akatabasamu. "Hapo ndipo ulipoanguka tangu Kidato cha Kwanza," akasema. Alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano inageuza alama zote zilizo ndani. Jibu ni 5 − x + 2, yaani 7 − x. Kosa hilo moja lilikuwa limejificha katika milinganyo, katika jometri ya kuratibu, katika kila mahali palipokuwa na mabano. Kwa miaka minne walimu walikuwa wametuwekea alama ya kosa kwenye jibu la mwisho. Hakuna aliyeitafuta njia tuliyoipita. Mwaka ule tulifaulu, na bidii yetu haikuwa kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia.

Hili ndilo jambo tunalotaka wasomaji wetu walishike kuliko yote. Mtihani wa pili una thamani kwa kadiri ya kile kilichotendeka kati yake na ule wa kwanza. Kwa kijana aliye kwenye mstari, kurudia peke yake kwaweza kumvusha kwa sababu kipimo chenyewe kina mtikisiko. Lakini mtikisiko huo waweza pia kumrudisha nyuma. Kwa kijana aliye mbali na mstari, kurudia bila kufundishwa upya ni kupoteza mwaka na ada, na kuongeza kovu juu ya kovu.

Kuwajibu wanaopinga

Turudi kwa yule mjumbe wa kamati. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba mrudiaji amebahatisha. Tunasema: kama bahati huweza kumpandisha mtu, huweza pia kumpandisha yule aliyefanya mara moja, tofauti ni kwamba bahati ya yule wa S hakuna anayeishuku. Aliyepima mara mbili ametupa habari nyingi zaidi juu yake kuliko aliyepima mara moja. Tumeona alipoanza na tumeona alipofika.

Hoja yake ya pili ilikuwa kwamba aliyeshindwa hawezi kuwafundisha wengine kushinda. Hii ni hoja nzito, nasi hatutaki kuipuuza. Yapo mambo ambayo hayana badala: mwalimu lazima alijue somo lake. Lakini ndiyo maana kuna mstari, na mwombaji yule alikuwa ameuvuka. Akiisha kuuvuka, kule kujua kwake jinsi mtu anavyokosea kwaweza kuwa mali. Mwalimu ambaye kila kitu kilimjia kwa urahisi mara nyingi hushangaa mtoto asipoelewa. Hurudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Hatusemi kwamba kila mrudiaji atakuwa mwalimu mzuri. Tunasema tu kwamba kule kurudia si ushahidi kwamba atakuwa mbaya.

Wengine wataogopa kwamba kuwapokea warudiaji ni kushusha kiwango. Kiwango ni pointi 25. Anayezileta hakukishusha, awe amezileta kwa safari moja au kwa safari tatu.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, kamati za kupokea maombi vyuoni ziache kuitumia herufi P kama doa. Sifa zilizotangazwa ndizo zitumike, na wanapofungana wawili kwa pointi, watazamwe kwa mambo yanayohusu ualimu: wahojiwe, wapewe mada ndogo waieleze mbele ya kamati, isikilizwe namna wanavyozungumza juu ya watoto. Swali la mara ngapi umefanya mtihani liachwe, na mahali pake lije swali la umejifunza nini kati ya mtihani na mtihani.

Pili, vyuo vyetu vinayo hazina ambayo havijaitumia. Wanachuo wetu wanahitaji watu wa kuwafundisha, na warudiaji wanahitaji watu wa kuwafundisha wao. Madarasa ya chuo hukaa matupu jioni. Kwa nini wanachuo wasifungue darasa la warudiaji wa jirani, chini ya uangalizi wa wakufunzi, liwe sehemu ya mazoezi yao ya kufundisha? Mwanachuo anayekaa na kijana mmoja na daftari lake la makosa atajifunza juu ya kufundisha kuliko atakavyojifunza kwa kuandika maandalio kumi ya somo kwa darasa la kufikirika.

Tatu, katika somo la mbinu za kufundisha tupanue sehemu ya kusoma makosa. Tunawafundisha wanachuo kutunga maswali na kugawa alama, mara chache tunawapa majibu yenye makosa na kuwauliza, "Mtoto huyu alifikiri nini alipoandika hivi?" Kama swali hilo lingeulizwa Kidato cha Kwanza, wengi wasingekuwa na haja ya kurudia chochote.

Nne, tuwe wakweli kwa vijana. Anayekuja kutaka ushauri aonyeshe matokeo yake, tuhesabu pamoja naye. Mwenye pointi 26 au 27 tumtie moyo arudie, naye atafute mwalimu kabla ya kutafuta ada ya mtihani. Mwenye pointi 33 aliyerudia mara tatu bila kusogea ana haki ya kuambiwa kwa heshima kwamba ipo milango mingine. Mafunzo ya ufundi yanayosimamiwa na VETA, iliyoanzishwa mwaka 1994, ni mmojawapo, na fundi bora si mtu pungufu. Kumwacha kijana arudie miaka sita kwa sababu tunaona aibu kumwambia ukweli si huruma.

Binti yule mwenye pointi 25 hatukupata kumwona tena. Barua ya kumjulisha kwamba nafasi zimejaa tuliiandika sisi, kwa mkono wetu, kwa lugha ya adabu. Hatujui kama aliomba chuo kingine au alivunjika moyo. Ila tunajua kwamba alitimiza kila sharti tulilomwekea, na kwamba sisi tuliongeza sharti jingine ambalo halikuandikwa popote.

Haya ndiyo maoni yetu. Wapo wakufunzi wenzetu wenye uzoefu mwingi kuliko sisi, na huenda wakaona tumekosea. Tunawaomba waandike katika kurasa hizi, hasa wale ambao vyuo vyao vimekwisha jaribu kuwafundisha warudiaji, ili sote tujue kilichofaulu na kilichoshindikana.